Haki Yangu Macho

Jumamosi, 24 Machi 1962

Badawi wangu amepewa chuo! Chuo kizima cha Kurani, chuo cha Maalim Ghanim, hapa hapa Mjambere, na mwanangu hata ndevu hazijatimia!

Haya, sasa salamu. Bibi anayetufundisha kwenye darasa la akina mama alisema kila anayejua kuandika aandike mistari kidogo nyumbani, mkono usije ukasahau, na tuanze kwa salamu kama watu wenye adabu. Basi salaam aleikum, daftari. Mimi ni Kuluthum, Mama Badawi, mke wa Yeslam mwenye duka la nguo, mshonaji kofia. Kofia zangu zimevaliwa mpaka Lamu na Unguja, na si mimi nisemaye, wasema waliozivaa.

Habari imekuja hivi. Maalim Ghanim alishikwa na kiharusi Ramadhani hii iliyopita. Mkono wa kulia umekufa, na ulimi umelala. Leo baada ya sala ya alasiri wazee wa msikiti wakaja barazani wakamwambia Yeslam kwamba hakuna mwengine. Badawi aliingia kwa Maalim ana miaka sita, akala huko, akalala huko, akatoka ana kumi na minne na Kurani yote i kifuani. Sasa ana kumi na saba. Wakasema, "Akae mahali pa mwalimu wake. Paa likishaezekwa, afungue."

Nilipiga vigelegele mpaka Rispa, mpangaji wetu wa chumba cha uani, akatoka mbio na mwiko mkononi akidhani nyumba yaungua. Huyu Rispa ni mtu wa bara, wa kanisani, mumewe Nicanor hupakua mizigo bandarini. Nikampa habari. Akanishika mkono, akasema hongera, kisha akauliza, "Na yeye mwenyewe amefurahi?"

Swali gani hilo! Badawi aliitwa, akaja akasimama mlangoni, mikono ameifumbata tumboni. Sote twamtazama, tumejaa furaha hatuna pa kuiweka. Yeye akatutazama mikono, mmoja baada ya mmoja, mkono wa babake, mikono ya wazee, wangu. Akauliza polepole, "Nimekosa nini?"

Watu walicheka! Mzee mmoja akasema, "Hiyo ndiyo adabu ya Maalim." Na ndiyo. Naikumbuka siku tuliyompeleka, nimemvika kanzu inayoburura chini. Yeslam akamkabidhi kwa maneno yale wasemayo wazazi wote: "Mwalimu, nyama yako, ngozi yako. Mimi haki yangu macho." Yaani mrudi upendavyo, macho tu usiyadhuru. Na macho tulirudishiwa mazima, alhamdulillahi, yote mawili, makubwa, mazuri kama ya mamangu.


Jumanne, 27 Machi

Mvua imeanza. Nami nimeanza kofia ya Badawi ya siku ya kufungua. Haitakuwa na mfano.


Ijumaa, 30 Machi

Leo nilikwenda kwa shogangu Dhahabu, ambaye mumewe ni mpishi hotelini Shanzu. Nilikwenda kuazima sufuria, lakini ukweli ni kwamba nilitaka anisikie. Dhahabu akasema, "Una bahati, Kuluthum. Wako ukimwambia kaa, akaa. Wangu Lali nikimwambia kaa, auliza kwa nini."

"Mlete kwa Badawi," nikamwambia. "Ataacha kuuliza."

Tena nikamwambia, na wote waliokuwepo wakasikia, kwamba siku ya kufungua mimi ndiye nitakayekuwa wa kwanza kukabidhi. Nitamtoa Zubeida wangu. Mama wa mwalimu kumpa mwalimu mwanawe wa mwisho, lini jambo hilo lilionekana Kisauni? Mpaka jioni habari ilikuwa imefika Utange.

Zubeida ana miaka sita na ni mtundu wa kuigiza watu. Humwigiza babake akipima kitambaa, humwigiza Nicanor akitembea amechoka, huniigiza mimi nikijisifu. Hilo la mwisho hunichekesha kidogo tu.


Alhamisi, 5 Aprili

Mvua. Paa la chuo lavuja. Mafundi wa makuti wamesema tungoje.


Jumapili, 8 Aprili

Badawi ameanza kumfundisha Zubeida barazani, ili siku ya kufungua mtoto asitutie aibu. Alifu, be, te. Zubeida alipofika kwenye "be" akaivuta, "Beeeee," kama mbuzi wa jirani, na mbuzi mwenyewe akamjibu kutoka uani! Tulicheka, mimi na Rispa, mpaka nikajidunga sindano.

Badawi hakucheka. Alimwangalia dadake kwa makini, kama asomaye herufi iliyofutika. Akamwuliza, "Mbona umekasirika?"

"Sijakasirika! Nacheka!"

"Umetoa meno."

Kisha akanigeukia mimi, kwa heshima kabisa. "Mama, huyu amekasirika?"

Nikamwambia, "We Badawi nawe, ukali wa mwalimu usiuanze mapema!" Nikacheka tena. Rispa aliacha kucheka, akarudi kwenye maharagwe yake.


Jumanne, 17 Aprili

Mamangu amefariki. Siku ya Jumamosi, asubuhi, mvua yanyesha. Sikuweza kuandika mpaka leo, na leo naandika kwa sababu kuna jambo lanikwama.

Mamangu, Bi Sheikha, ndiye aliyembeba Badawi mgongoni kabla hajakwenda chuoni. Na alipokwenda, kila Ijumaa mtoto akija nyumbani, mamangu ndiye aliyemwekea ukoko wa wali wa nazi. Badawi alikuwa akiula kimya, mkono mmoja umekinga sahani. Mamangu alikuwa akisema, "Kuluthum, huyu mtoto haongei." Nami nilikuwa nikimjibu, "Amekuwa mtu mzima, mama."

Kwenye matanga Badawi alisoma. Sauti ile! Wanawake walilia nyuma ya pazia mpaka hawakujijua, na mmoja aliyevuka daraja kutoka mjini alisema hajasikia kisomo kama kile. Nilikuwa na msiba, lakini kichwa kilikuwa juu. Nasema kweli.

Alipomaliza akaja nyuma, akaniita kando penye pipa la maji.

"Mama. Watu wanalia."

"Ndiyo, baba. Wanalia."

"Na mimi nilie?"

Nilidhani ananiomba ruhusa, kwa kuwa yeye ni mwanamume. Nikamwambia, "Lia, baba. Si nyanyako huyo?"

Akasimama. Nikamwona anajaribu. Uso ulijikunja hapa, ukajikunjua pale, kama mtu anayetafuta kitu kwenye kasha ambalo hakuwahi kuweka kitu. Akasema, "Hakiji." Halafu, "Tumbo laniuma." Akaenda akatapika.

Nikampa maji ya tangawizi. Jumapili tumbo, jana tumbo, leo tumbo. Wanaume wanamsifu kwa ugumu wake, "Amesimama kama nguzo," nami nikaitikia kila mara. Lakini Rispa alikuja na uji, akamtazama amejikunja kwenye mkeka, akaniambia pale jikoni, "Mama Badawi, hii si tumbo."

"Ni nini basi?"

"Hii ni kilio imekosa mlango."

Nikamwambia Kiswahili chake kina mashimo kama njia ya Utange. Akasema, "Ndiyo, mama." Hakukasirika.


Jumamosi, 21 Aprili

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kufungua. Imeahirishwa kwa msiba na kwa mvua. Mimi na kofia yangu tumekaa.


Jumatano, 2 Mei

Mvua. Wanaume barazani hawana jingine ila mwambao, mwambao, bendera gani itabaki na nani atautawala. Badawi huwaletea kahawa na hakuna anayemwuliza yeye asemaje. Akishawapa huondoka kwa kurudi nyuma, hawapi mgongo. Zamani niliita heshima.

Mbona nimeandika zamani?


Jumatano, 16 Mei, siku ya tatu ya Idd

Leo tulimpelekea Maalim Ghanim sinia ya pilau, mimi na Badawi. Sikuwa nimemwona tangu augue. Amelala kwenye chumba kile kando ya chuo, mdomo umekwenda upande, na alipomwona Badawi machozi yakamtoka. Mtu aliyekuwa akikohoa na watoto mia wananyamaza!

Badawi alibaki mlangoni. Nikamwambia, "Ingia, baba, mpe mkono mwalimu wako." Hakuingia. Niliiona shingo yake, ule mshipa unaruka. Wala hakutazama machozi, wala ule mdomo. Alitazama mkono wa kulia uliokuwa juu ya shuka.

Mwishowe akaingia, akapiga magoti. Akaushika mkono ule kwa ncha za vidole, akauinua juu, juu, mpaka usawa wa bega lake, kisha akauachia. Ukaanguka. Akauinua tena, akauachia. Ukaanguka.

"Umekufa kweli," akasema, hakuniambia mimi.

Akauweka vizuri juu ya shuka, akaufunika. Kisha akalala pale pale kwenye mkeka chini ya kitanda, mchana mweupe, sinia ya pilau haijafunuliwa, akashikwa na usingizi kama mtoto mchanga. Alikoroma. Sijapata kumsikia mwanangu akikoroma. Nyumbani hulala kama mtu anayesikiliza.

Nilikaa pale mimi na Maalim. Nilimtazama yule mzee analia, na huruma niliyokuja nayo ikawa inanitoka kidogo kidogo kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.


Jumatatu, 21 Mei

Habari ya leo ni ndefu, daftari, univumilie.

Kwa vile paa bado, Yeslam alisema Badawi aanze na watoto wachache barazani kwetu, wazoee. Wakaja saba, miongoni mwao Lali wa Dhahabu. Zubeida alikaa mbele, kiherehere chake chote. Nilikuwa ndani kwenye kofia.

Mvua ikazidi. Lali akawa ameisahau Kurani, ameachama, anaitazama mvua kama watoto wote waitazamavyo. Nikasikia Badawi, "Wanitukana."

"Sikusema kitu, mwalimu."

"Kwa macho."

Sauti haikupanda. Ndiyo maana sikuinuka. Nilipochungulia nilikuta ameshamfunga ubao wake shingoni kwa kamba, amemsimamisha uani kwenye mvua mpaka herufi zote zioshwe, wino unamtiririka mtoto kifuani mweusi. Kisha akamlaza, akamwinua miguu, akampiga nyayo kwa kile kikoto cha ukindu alichokisuka mwenyewe juzi. Nilikiona akikisuka. Nilisema vidole vyake vyepesi kama vyangu.

Lali alipiga yowe ambalo nalisikia mpaka sasa nikiandika. Na uso wa mwanangu, Mungu wangu, haukuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya. Ulikuwa uso wa mtu anayemenya chungwa.

Rispa aliingia mvuani bila hata kujitanda, akamshika mtoto akamvuta chini ya ukingo wa paa. Badawi akamwambia kwa adabu yote, "Shikamoo, mama. Mrudishe tafadhali, hajamaliza."

Hapo nikatoka. "Badawi! Basi!"

Kikoto kikaanguka papo hapo. "Naam, mama."

"Mtoto analia, huoni?"

Akamtazama Lali. Akamtazama hasa, akitaka kunipendeza. "Naona," akasema. "Atanyamaza. Mimi nilinyamaza."

Jioni nikajitanda niende kwa Dhahabu, nimejiandaa kwa matusi, na nilikuwa nayataka. Tukakutana njiani, naye alikuwa akija kwangu. Ameshika kuku. Kuku wa mwalimu!

"Shoga," akasema, "mwanangu leo nimemwambia kaa, akakaa! Hakuuliza kitu!"

"Dhahabu, zile nyayo umeziona?"

"Nimeziona. Si yeye wa kwanza, wala hatakuwa wa mwisho. Mimi haki yangu macho." Akacheka, akanipa kuku.

Nilimpokea. Ningefanya nini, njia imejaa watu?


Jumanne, 22 Mei

Yule kuku nimemwachia atembee. Sikumchinja.


Ijumaa, 25 Mei

Leo baada ya sala nilikuwa nimekaa, namtazama Zubeida akichezea nyuzi zangu. Namtazama tu, kwa kumpenda, kama mama amtazamavyo mtoto. Akahisi macho yangu. Akaziacha nyuzi, akafumbata mikono tumboni, akaitazama mikono yangu.

"Nimekosa nini?" akasema.

Sindano ilinitoka. Nilimwuliza, "Nani kakufundisha maneno hayo?" Akadhani nimekasirika, akarudi nyuma mpaka ukutani. Siku nne tu za barazani!

Alasiri nikawaita wote wawili. Nikasema tucheze. "Zubeida, wewe fundi wa kuigiza. Fanya uso, kakako ataje ni uso gani." Nilidhani nina akili sana. Nilijisifu hata kwa Rispa, nikamwambia, tazama, nitamtibu kwa mchezo.

Zubeida akafanya uso wa mtu aliyeibiwa embe. Midomo chini, macho yamelegea.

"Hasira," akasema Badawi.

Akafanya uso wa Nicanor akitoka kazini.

"Hasira."

Akafanya wa mtu aliyeona nyoka. Hasira. Mtoto alikuwa ameanza kupamba moto, kicheko kimemrudia kidogo, nikafurahi. Akacheka kwa meno yote, ule uso wake wa mbuzi, uso wenyewe wa furaha.

Badawi akafikiri. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Alikuwa anataka kupata, maskini, kama mwanafunzi hodari. "Hasira," akasema, "lakini ameificha."

Zubeida akafunga mdomo.

Nikamgeuzia uso wangu. "Na mimi, baba? Nitazame mimi. Mimi mamako nina uso gani sasa hivi?"

"Umekasirika, mama."

"Sijakasirika. Nina huzuni."

Akanitazama, na naapa alitaka kujua. "Tofauti yake nini?"

Nilifungua mdomo nimweleze. Mimi, mwenye maneno kuliko Mjambere yote! Utamweleza vipi mtu ladha ya chumvi?


Jumanne, 29 Mei

Mvua imepungua. Mafundi wamepanda juu ya paa. Nasikia nyundo zao nami kila pigo naona lanigonga mimi.

Nimesema na Yeslam. Nilingoja amalize chai, nikasema, "Badawi asipewe chuo."

Alicheka kwanza. Kisha akaona sicheki. "Una wazimu? Watu wameshaalikwa."

"Hajui mtoto akicheka na mtoto akilia. Yeslam, hajui! Kila uso kwake ni wa kumpiga, basi anatangulia yeye."

"Sote tulipigwa, Kuluthum. Mimi nilifungwa gogo mguuni mwezi mzima kwa kutoroka. Nimekuwa nini? Si mtu?"

Nikamtazama mume wangu. Mtu mwema, hajanitia mkono hata mara moja. "Wewe mara yako ya mwisho kulia ilikuwa lini?"

"Nilie nini? Sina la kuniliza."

"Babako alipokufa?"

"Tumbo lilikuwa laniuma," akasema, akanyosha mkono kwenye mkate.

Nikaiweka kando chai yangu. Yeye alikula vizuri.

Kisha akasema jambo ambalo sipendi kwamba ni la kweli. "Wewe umetangaza mpaka Utange kwamba utampa Zubeida. Ukimzuia leo, nani atampa wake? Chuo kitamfia mikononi. Huyo kijana hana kitu kingine duniani, hajui duka, hajui shamba, hajui rafiki. Ana Kurani na ana kile chumba. Mamake mwenyewe amwambie mbele ya watu hafai? Hapo ndipo utakuwa umemtoa macho."

Nikimpa Zubeida, nampoteza Zubeida. Nikimzuia, nampoteza Badawi, kama bado yuko wa kupotezwa.


Alhamisi, 31 Mei

Nilikwenda kwa mzee wa msikiti, yule aliyeisifu adabu ya Badawi siku ya kwanza. Nimefika nimejifunika vizuri, nimeyapanga maneno. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema mama mwenye huruma ni pambo la nyumba. Akanipa tende nimpelekee Badawi.


Jumamosi, 2 Juni

Jua.


Jumatatu, 4 Juni

Nilimkuta Badawi chuoni anatandika majamvi. Peke yake, pasafi, makuti mapya yananukia. Nikakaa karibu naye.

"Baba, nataka uniahidi kitu. Usimpige Zubeida."

"Naahidi, mama." Mara moja, bila kufikiri. Kisha akafikiri. "Lakini akikasirika?"

"Hakasiriki, Badawi. Yule ni mtoto, anacheka."

"Ndiyo, mama." Akaendelea kutandika. Nikaona amelala kifudifudi akinyosha pembe ya jamvi pale kwenye kona, na kwenye kona ile ukutani kuna alama, vikwaruzo vya kucha, vya chini chini, kimo cha mtoto wa miaka sita aliyekaa. Akaona naviona.

"Pale ndipo nilipokuwa nikikaa," akasema. "Pazuri. Ukikaa pale hakuna mtu nyuma yako."

"Ulikuwa ukiogopa?"

Akafikiri sana, mwanangu, kwa uaminifu wake wote. "Sijui. Tumbo lilikuwa laniuma."

Akasema pia, "Nitamweka Zubeida pale. Ndiyo nafasi bora." Hii ndiyo zawadi yake. Hana nyingine ya kumpa dadake, amempa ile.


Jumanne, 5 Juni

Rispa amesema, "Mama, nipe mimi mtoto, nitasema amekuwa mgonjwa, atakaa kwa chumba yangu." Nikamwambia, siku moja, na ya pili? Akasema, "Siku moja ni siku moja." Nilimkumbatia yule mwanamke. Miezi mingapi nimecheka Kiswahili chake, na katika nyumba hii yeye peke yake ndiye anayesoma nyuso. Baadaye Nicanor akaja kusema hawataki ugomvi na mwenye nyumba. Ana haki.


Alhamisi, 7 Juni

Kofia imekwisha. Nimewahi kushona nyingi, hii imezishinda zote. Hata sasa, daftari, siwezi kuacha kujisifu, ndivyo nilivyo. Leo nilimvika. Imemkaa kama ilizaliwa naye. Nikataka kumshika uso, mikono miwili, kama nilivyokuwa nikimshika kabla hajafika miaka sita. Mikono yangu ilipoinuka akafumba macho, akangoja.

Sikumpiga, bila shaka. Nilimshika mashavu. Akaendelea kungoja. Nilimshika kwa muda mrefu sana, na muda wote ule hakuyafumbua.

Zubeida nimemshonea buibui dogo. Nimemwambia aniigize nikijisifu. Akasema hataki, ataka kukaa.

Nimejaribu kuyabadilisha maneno ya kukabidhi. Nimeyasema jikoni peke yangu: mwalimu, haki yangu nyama, haki yangu ngozi, haki yangu kicheko chake, haki yangu aulize kwa nini. Yeslam alinisikia, akasema maneno hayo hayapo, watu watacheka, sema kama wasemavyo wenzio. Na najua nitakavyofanya. Baraza itakuwa imejaa, watanitazama, na ulimi utakwenda wenyewe kwenye njia unayoijua.

Mbingu nimezitazama tangu alfajiri. Hakuna hata wingu. Dhahabu anakuja na Lali, mumewe ameomba ruhusa Shanzu kwa ajili ya kupika. Watu wa Utange wanakuja na watoto wao, mama aliyekisifu kisomo kwenye matanga anavuka daraja na wajukuu. Maalim Ghanim atabebwa na kitanda chake awekwe mbele. Wote wameambiwa, na mimi ndiye niliyewaambia: Jumamosi, tarehe tisa, asubuhi, mara baada ya chai.